Sensa ya kranki na waya zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu P0335 na ndugu zake

Haya ndo maswali yanayorudi kila gari inapogoma kuwaka halafu mashine ya kupimia ikatoa P0335 (kodi, yaani namba ya kosa, ya sakiti ya sensa ya kranki) au mwenzake. Sio lazima usome kuanzia juu, pale jibu linapohitaji jingine nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Hii sensa ya kranki kazi yake hasa ni nini?

Inaiambia kompyuta ya gari, yaani ECU, krankishafti (kranki, shafti inayozungushwa na pistoni) imefika wapi kwenye mzunguko na inazunguka kwa kasi gani. Sensa inakaa karibu sana na gurudumu lenye meno, ambalo kutegemea na gari linaweza kuwa nyuma ya puli ya mbele, kwenye flaiwili, au ndani kabisa ya bloku. Kila jino likipita sensa inatoa pigo moja la umeme. Magari mengi gurudumu lina nafasi za meno 60 ila mawili yameondolewa makusudi yanabaki 58, mengine ni nafasi 36 limeondolewa moja, na hilo pengo ndo alama ambayo ECU inaanzia kuhesabu.

Bila hayo mapigo ECU haijui lini ifungue nozeli wala lini ichome plagi, ndo maana unakuta stata inazungusha injini vizuri kabisa, betri nzima, mafuta yapo, na hamna kinachotokea.

2. Na sensa ya kamshafti je, si ni kitu kilekile?

Zinafanana ukizishika mkononi lakini kazi tofauti. Kranki inazunguka mara mbili wakati kam (kamshafti, shafti inayofungua valvu) inazunguka mara moja, kwa hiyo sensa ya kranki peke yake haiwezi kusema pistoni iliyo juu inabana hewa au inatoa moshi. Hilo ndo la kamshafti. Ya kam ikifa magari mengi bado yanawaka, ila unapiga stata muda mrefu zaidi na nguvu inaweza kupungua, mengine yanagoma kabisa. Namna ya kupima waya zake ni ileile ya swali la 8 na la 9.

3. Dalili za sensa ya kranki au waya zake kuharibika ni zipi?

Ya kwanza ni injini kuzunguka bila kushika. Ya pili, na hii ndo inachosha watu, gari inazima ghafla barabarani kama vile umegeuza swichi, haitetemeki wala haikohoi kwanza, halafu ukikaa pembeni kidogo inawaka kama hakuna kilichotokea (swali la 13). Kuna mshale wa RPM kurukaruka au kudondoka sifuri injini ikiwa bado inaunguruma, kuna kumisi (silinda kukosa kuchoma), kuna taa ya injini kuwaka na kuzima yenyewe.

Angalia pia pampu ya mafuta. Ukifungua swichi kwenye magari mengi inalia sekunde mbili tatu inanyamaza, halafu inasubiri ECU ione kranki inazunguka ndo iwashwe tena. Kwa hiyo mtu anapima anakuta pampu haifanyi kazi wakati wa stata, anabadilisha pampu, na kosa liko kwenye sensa.

4. Mashine imesema P0335. Si ninunue tu sensa nibadilishe?

Hapana, pima kwanza. Hiyo kodi inasema ECU imekosa mapigo kwenye sakiti ya sensa ya kranki. Haijasema sensa imekufa. Sakiti ni sensa yenyewe, soketi, waya zote mpaka kwenye ECU, umeme unaoilisha, ethi yake (waya wa hasi), na hata gurudumu la meno. Sensa ni kipande kimoja tu humo ndani, na kwa bahati mbaya ndo kipande kinachouzwa dukani, kwa hiyo ndo kinachobadilishwa kila siku.

Ndugu zake nao wana maana zao. P0336 ni kwamba mapigo yanafika lakini hayaeleweki, na hiyo mara nyingi inakupeleka kwenye meno au mwingiliano wa umeme (swali la 14). P0337 signali iko chini, P0338 iko juu, hizi mbili fikiria shoti au waya uliokatika kabla ya kufikiria sensa. P0339 inakuja na kupotea, hapo waya na soketi ni washukiwa wakubwa. Upande wa kam ni P0340 hadi P0344 kwa mtiririko uleule. P0385 ni sensa ya pili ya kranki kwa magari yenye mbili.

## Kabla hujashika mita

5. Sensa yangu ina waya mbili, ya rafiki yangu tatu. Kuna tofauti?

Kubwa sana, na usipoijua vipimo vyote vitakudanganya. Ya waya mbili kwa kawaida ni ya sumaku na koili, inatengeneza umeme wake yenyewe meno yakipita, umeme wa AC unaopanda kadiri injini inavyokimbia. Ya waya tatu kwa kawaida ni ya Hall, hii inataka kulishwa: waya mmoja umeme, mmoja ethi, mmoja signali, na inachotoa ni kuwasha na kuzima tu, juu au chini.

Nimesema kwa kawaida kwa sababu zipo za koili zenye waya tatu ambapo wa tatu ni kinga inayofunika zile mbili zisipokee kelele za umeme. Kwa hiyo usihesabu waya ukaamua, tafuta mchoro wa waya wa gari hiyohiyo, mwaka huohuo na injini hiyohiyo.

6. Nahitaji vifaa gani?

Mita ya dijitali ya kawaida, mashine ya kupimia inayoonyesha data injini ikizunguka (sio ile ya kusoma na kufuta kodi tu), pini nyembamba za kuingiza nyuma ya soketi, na mchoro wa waya. Osiloskopu, yaani kifaa kinachochora umbo la signali, ukiwa nayo utamaliza mapema zaidi maana mita haiwezi kukuonyesha jino moja lililopotea.

Ile taa ya kupimia yenye balbu iache mbali na waya zinazoenda ECU. Inavuta umeme mwingi kuliko sakiti hiyo ilivyotengenezwa kubeba. Na usitoboe ganda la waya kwa sindano, leo utapata kipimo chako ila maji yataingia hapo na baada ya miezi una kosa jipya.

7. Naanzia wapi?

Betri kwanza. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati wa stata, ichaji au ibadilishe kabla ya kupima kingine, ECU ikikosa umeme inatoa makosa ya kila aina.

Kisha unganisha mashine, fungua ukurasa wa RPM, mwambie mtu apige stata. Ukiona kitu kama 150 hadi 250 na kinatulia, ECU inapata signali na kosa lako la kutowaka huenda liko kwingine kabisa, hapo tazama hata taa ya immobilaiza (kinga ya wizi). Ukiona 0 wakati injini inazunguka kweli, basi uko mahali sahihi. Baadhi ya magari yanachelewa kuonyesha, kwa hiyo mpe stata sekunde kadhaa.

Halafu ndo uinamie. Fuata waya kutoka kwenye sensa kwenda juu, taratibu, kwa tochi na vidole. Unatafuta pale unapopita karibu na egzosti, pale klipu imevunjika waya ukaanza kusugua bloku, pale mtu alishafungua gia boksi akarudisha bila kuupitisha njia yake. Chomoa soketi uinuse na uitazame ndani: oili imejaa? Kuna kutu ya kijani? Pini zote zipo usawa mmoja, au kuna moja imerudi nyuma milimita mbili kwa hiyo soketi inalia klik vizuri lakini haigusi? Hiyo pini iliyorudi nyuma ni kitu kidogo ambacho kimeuza sensa nyingi sana.

## Kupima

8. Sensa ya waya tatu (Hall) napimaje?

Chomoa soketi, fungua swichi bila kuwasha. Mita iweke volti DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, sio kwenye boliti lolote lililo karibu. Sasa pima upande wa soketi inayotoka kwenye gari.

Waya wa umeme unatakiwa utoe volti 5 au volti za betri, mchoro ndo unakwambia ipi. Hakuna kitu? Nenda swali la 12. Waya wa signali ukiwa umechomolewa kwa kawaida unaonyesha volti 5, baadhi ya magari 12, hizo zinatoka ECU yenyewe na sensa kazi yake ni kuzivuta chini kila jino linapopita. Ukikuta 0 hapo, ama waya umekatika njiani, ama umegusa ethi, ama ECU haitoi, na mpaka hapo sensa haihusiki kwa lolote maana iko mkononi mwako imechomolewa. Watu wengi wakifika hapa wanaacha kufikiria wanabadilisha sensa.

Ethi ipime kwa namna nyingine. Rudisha soketi, ingiza pini nyuma ya waya wa ethi, swichi ikiwa wazi, mita kati ya hiyo pini na hasi ya betri. Isizidi volti 0.1. Ikizidi, ethi ina kizuizi mahali.

Vyote vikiwa sawa sasa ndo unaipima sensa. Pini ihamie kwenye signali, zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye boliti la puli, taratibu, gia ikiwa fri na swichi ikiwa wazi, na koili za plagi uzichomoe kwanza isije ikakushtua. Volti iruke: karibu 0, karibu 5, karibu 0, karibu 5. Ikibaki palepale jino baada ya jino, sensa imekufa, au gurudumu haliko mbele yake. Ukipiga stata mita itaonyesha kitu katikati kama 2.5 kwa sababu inapiga wastani, hiyo ni kawaida.

Usiipime sensa ya Hall kwa omu ukategemea jibu, ndani kuna saketi ya elektroniki, namba utakayopata haina maana.

9. Na ile ya waya mbili?

Hii omu zinasaidia. Swichi imefungwa, soketi imechomolewa, pima kati ya pini mbili za sensa yenyewe. Nyingi ziko kati ya mamia ya omu mpaka elfu moja na kitu, namba kamili ya gari yako itafute kwenye mwongozo. Mita ikisema haina mwisho, koili imekatika. Ikiwa karibu na 0, imepiga shoti. Halafu kila pini dhidi ya chuma cha sensa au bodi, hapo unataka isiwe na mwisho.

Omu nzuri hazitoshi lakini. Weka mita volti AC, ncha kwenye pini mbili za sensa, mtu apige stata. Unataka mamia ya milivolti au zaidi na ipande injini ikizunguka haraka. Ikiwa omu ni nzuri na AC ni ndogo sana, sensa iko mbali na meno, sumaku imechoka, au imejaa unga wa chuma (swali la 14).

10. Nikichomoa sensa nikagusisha signali na ethi, nitapata nini?

Kwa Hall tu, na baada ya kuwa na uhakika asilimia mia kwamba waya unaougusa ni wa signali na sio wa umeme. Unagonga gonga haraka huku mtu anaangalia mashine. Magari mengine yataonyesha RPM inatikisika, na hapo umethibitisha waya na ECU kwa mkupuo. Mengine hayatoi kitu kwa sababu yanasubiri lile pengo la meno, kwa hiyo ukikosa RPM usihukumu ECU. Ondoa rilei ya pampu ya mafuta na uchomoe koili za plagi kabla, maana ECU inaweza kuamini injini inazunguka.

11. Nimepima waya mwisho kwa mwisho mita imesema 0.3 omu. Ni mzima basi?

Sio lazima. Mita inatuma umeme mdogo sana, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya ganda unatosha kukupa namba nzuri. Chomoa pande zote mbili, sensa na ECU, halafu tumia waya huo kuwashia balbu ndogo ya volti 12 kutoka kwenye betri. Hapa balbu inaruhusiwa kwa sababu ECU imeshachomolewa. Ikiwaka vizuri huku unautikisa na kuukunja urefu wote, waya ni mzima. Ikififia ukikunja sehemu fulani, umepapata. Usisahau kupima pia waya dhidi ya waya mwenzake na dhidi ya bodi, huko hakutakiwi kuwe na mawasiliano yoyote.

12. Volti 5 hazipo kabisa kwenye soketi.

Angalia kama kuna kodi za sensa nyingine zimekuja pamoja. ECU nyingi zinagawa volti 5 moja kwa sensa kadhaa, ya moja ikipiga shoti zote zinalala. Acha mita kwenye waya huo, chomoa sensa nyingine moja moja, volti zikirudi tu, hiyo uliyoshika mkononi ndo mwizi. Zisiporudi hata zote zikiwa nje, fuata waya wenyewe. Kwa sensa inayolishwa volti za betri anza na fyuzi na rilei kuu.

## Zile zinazosumbua

13. Gari inazima ikipata moto, ikipoa inawaka. Nikipima kila kitu kizuri!

Kwa sababu unapima ikiwa imepoa. Kosa la namna hii lazima ulipime likiwa lipo. Iache ipate moto mpaka izime, usisubiri, pima palepale kwa kufuata swali la 8 au 9. Isipotaka kuzima yenyewe, ipashe sensa kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa inaunguruma. Ikizima, mwagia maji kidogo ya baridi kwenye sensa tu, ikiwaka tena umeshapata jibu. Kwa zile za koili angalia omu zinavyopanda joto likipanda: kupanda kidogo ni kawaida, kuruka mpaka isiwe na mwisho ni koili iliyochanika ndani.

Kama joto halileti kitu, tikisa waya. Injini inaunguruma, shika soketi usukume pembeni, juu, chini, kisha panda na waya sentimita kumi kumi. Ikikata, rudi hapohapo urudie uone kama inakata tena.

14. Sensa nzima, waya nzima, kodi inarudi. Nini tena?

Toa sensa uitazame uso. Sumaku inakusanya vipande vya chuma, vikijaa vinavuruga signali, na vikiwa vingi jiulize vimetoka wapi. Kisha tazama gurudumu la meno kupitia tundu la sensa huku mtu anazungusha injini kwa mkono: jino lililovunjika, lililopinda, au gurudumu linaloyumba. Nafasi kati ya sensa na jino kwa nyingi ni kama milimita 0.5 hadi 1.5, kwa hiyo kuyumba kidogo tu kunaonekana kwenye signali.

Kwa magari ambayo meno yako kwenye puli ya mbele kuna kingine. Puli nyingi ni vyuma viwili vimeshikwa na raba katikati, raba ikichoka chuma cha nje kinateleza, meno yanahama na ECU inachoma plagi wakati sio. Piga mstari wa chaki kuvuka vyuma vyote viwili, tembea na gari, rudi uangalie kama bado umenyooka.

Mwisho ni kelele za umeme. Waya wa sensa uliopitishwa sambamba na waya nene za stata, au altaneta yenye dayodi mbovu, vinaweza kuingiza mapigo ya uongo, na hapo ndo P0336 inapozaliwa.

15. Nimefunga sensa mpya na bado, au imekuwa mbaya zaidi.

Sensa feki zipo nyingi na tofauti ya sumaku au urefu kidogo inatosha. Ilinganishe na ya zamani upande kwa upande, na hakikisha imekaa mpaka chini, wakati mwingine oringi ya zamani imebaki tunduni inainua mpya. Kwa ya koili, waya zikigeuzwa mtu alipokuwa anabadilisha soketi, signali inakuja kichwa chini na gari inaweza kuwaka kwa shida au kukataa kabisa. Na kuna magari yanayotaka ECU ifundishwe upya mzunguko wa kranki kwa mashine baada ya kubadilisha, usipofanya inaweza kutoa P0315 au kodi za kumisi.

16. P0016 nayo ni ya sensa?

Mara chache. Hiyo inasema kranki na kam hazikubaliani, kwa hiyo signali zote mbili zinafika. Kagua cheni au mkanda wa taimingi, mfumo wa kubadilisha taimingi na oili yake, kisha ndo sensa.

17. Gari haiwaki na mashine haina kodi yoyote. Naondoa sensa kwenye orodha?

Usiondoe. ECU isipoona mapigo ya kranki inaweza kudhani tu injini imesimama, haioni kosa. Kwenye magari mengi kodi inakuja pale ECU inapoona kam inazunguka au stata inafanya kazi huku kranki kimya. RPM ya swali la 7 ina ukweli zaidi kuliko kukosekana kwa kodi.

18. Naweza kuisukuma iwake? Na ikiwaka naweza kuendelea kuitumia?

Kusukuma hakusaidii, ECU itakosa mapigo vilevile hata injini izungushwe na tairi. Kuendelea kuitumia ikiwa inakata yenyewe, mimi siwezi kumshauri mtu: injini ikizima katikati ya kupita gari nyingine usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.

19. Fundi amesema ECU imekufa.

Muulize amepima nini. Kabla ya kufika huko lazima umeme na ethi zote za ECU ziwe zimepimwa, waya zimepimwa kwa balbu (swali la 11), na signali nzuri imeonekana pale pale kwenye pini ya ECU, sio kwenye sensa. Signali nzuri ikiwa inaingia kwenye pini na RPM bado 0, sasa mnaweza kuanza kuongea habari za ECU.

20. Nimepata waya umekatika. Naunga tu?

Unga kwa lehemu na ufunike kwa mpira wa kunywea kwa joto, usizungushe kwa mkono na kubandika selotepu. Zile zilizosokotwa pamoja zirudishe zikiwa zimesokotwa. Kinga iunge irudi kama ilivyokuwa, kawaida inashikwa ethi upande mmoja tu, usiipe ethi ya pili upande wa sensa. Kisha upitishe waya mbali na egzosti, ufunge klipu, na kabla ya kufunga makava futa kodi, pasha gari moto mpaka feni iwake, tikisa tena pale ulipounga huku ukitazama RPM.